Radi ikipiga Tororo, nani hulipwa ukuta na nani hulipwa friji?

*Wengi wakisikia "nyumba ina bima" hudhani kila kilicho chini ya bati kiko salama. Mpakani Busia na Tororo, dhana hiyo ina gharama.*

Alasiri ikianza, mawingu hujikusanya juu ya Jabali la Tororo, na wenyeji wanajua la kufanya: chomoa friji, chomoa runinga, ita watoto waingie ndani. Si woga wa bure. Kwa miaka kumi, kuanzia 1967 hadi 1976, Tororo ilisikia ngurumo kwa wastani wa siku 251 kila mwaka, na hesabu hiyo ikaingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Ni miji michache duniani inayoweza kushindana nayo.

Tuseme leo hakuna aliyechomoa. Radi imeshuka kwenye nyumba ya kupanga: imepasua ukuta wa jikoni, imerusha mabati matatu na kuunguza friji pamoja na runinga. Mpangaji ni mwalimu. Mwenye nyumba anaishi ng'ambo, Busia ya Kenya, na anajulikana kuwa mtu makini aliyeikatia nyumba yake bima. Mwalimu anashusha pumzi. Nyumba ina bima, basi friji italipwa.

Haitalipwa.

Katika hati ya bima, nyumba ni mali mbili. Kuna jengo, na kuna vyombo vilivyomo. Kila upande una thamani yake iliyoandikwa na ada yake. Aliyelipia jengo peke yake atajengewa ukuta na kuezekewa bati. Friji ya mwalimu hakuilipia, na hata angetaka, sheria ingemzuia: mtu hukatia bima kitu ambacho kikiharibika, hasara inamwangukia yeye. Friji ikiungua, anayekunywa maji ya moto ni mwalimu.

Lori likiondoka, kipi kinabaki?

Kampuni nyingi za Kenya na Uganda huuza bima ya nyumbani kama kifurushi chenye sehemu kadhaa. Sehemu A kwa kawaida ni jengo, na B ni vyombo. C ni vitu vinavyotoka na mwenyewe: simu, kompyuta ya mkononi, saa, vito. Kisha hufuata kinga ya mfanyakazi wa nyumbani, ambayo upande wa Kenya imefungamana na sheria ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, ile inayoitwa WIBA. Mwishoni kuna dhima kwa mtu wa nje, kama mgeni aliyeangukiwa na lango.

Mnunuzi huchagua sehemu anazotaka na kuziacha nyingine. Wengi hupotea hapo. Wanaona jina moja juu ya karatasi, hawaoni kwamba kwenye mstari wa sehemu B hakuna tarakimu yoyote.

Kipimo rahisi ni siku ya kuhama. Kinachopakiwa kwenye kanta ni vyombo. Kinachobaki lori likiondoka ni jengo. Mlango, dirisha, sinki, nyaya zilizofukiwa ukutani, kabati alilolijenga fundi, ukuta wa uani na lango lake, hivyo vyote ni jengo. Kitanda, kochi, jiko la gesi, mapazia, nguo na sufuria ni vyombo.

Kipimo hicho hakifiki mbali, hasa siku hizi ambapo kila paa lina kitu juu yake. Paneli ya sola aliyoifunga mwenye nyumba mara nyingi huhesabiwa pamoja na jengo. Ile ya mpangaji, anayeilipia kidogo kidogo kwa simu, ni chombo chake hata kama imepigiliwa kwenye bati lile lile. Hati nyingi za vyombo hukubali vitu vilivyofungwa ukutani au darini, mradi viwe vya mpangaji mwenyewe. Tangi la maji, pampu ya kisima, dishi na jenereta ni vya kuulizia kimoja kimoja kabla ya kutia sahihi. Skrubu peke yake haiamui. Risiti ndiyo inayoamua.

> Mwenye nyumba akilipia jengo, mpangaji hajalipiwa hata kijiko.

Sebule yenye pikipiki na magunia

Sheria za bima ya nyumbani zilitungwa zikimfikiria mtu anayefanya kazi mahali pengine na kurudi nyumbani kulala. Busia haiko hivyo. Sebule nyingi za mpakani hufanya kazi mbili. Usiku kochi husogezwa, pikipiki ya boda boda ikaingizwa ndani kwa kuwaogopa wezi. Kando yake kuna magunia ya mahindi yanayomsubiri mnunuzi wa ng'ambo, trei za mayai, marobota ya mitumba, na dagaa wakavu ambao Mkenya huwaita omena na Mganda mukene.

Biashara hiyo ni halali. Chini ya utaratibu mwepesi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfanyabiashara mdogo huvusha bidhaa za ukanda huu za hadi dola 2,000 kwa mzigo mmoja, akiwa na cheti rahisi kinachopatikana mpakani. Na ana sababu ya kutoacha mali yake sokoni usiku kucha. Moto wa soko la Owino jijini Kampala Februari 2009, na ule wa Gikomba jijini Nairobi Juni 2018 ulioua watu 15, inakumbukwa na kila mchuuzi.

Tatizo ni kwamba akiileta mali nyumbani, bima ya nyumbani haiitambui. Vyombo katika hati ni vitu vya matumizi ya familia inayoishi humo. Mali ya kuuza ni ya biashara, nayo huhitaji bima yake ya moto na wizi, hata kama imelala chini ya meza ya kulia. Pikipiki ina bima yake ya magari. Fedha taslimu, hundi, hatimiliki na mifugo huwekwa nje mpaka vitajwe kwa jina, kwa hiyo mbuzi aliyefungiwa jikoni hayumo, wala akiba ya chama iliyofichwa godoroni.

Hata vitu vya familia vina mipaka. Katika hati nyingi, vito vya dhahabu na fedha kwa jumla haviruhusiwi kupita theluthi moja ya thamani ya vyombo vyote. Kitu kimoja cha thamani ambacho hakikuorodheshwa hakilipwi zaidi ya asilimia 5 ya thamani hiyo, ingawa samani na vifaa vya kawaida vya umeme mara nyingi husamehewa sharti hili. Mpiga picha wa harusi aliyekatia vyombo vyake Sh500,000 bila kuitaja kamera yake ya Sh60,000 atalipwa Sh25,000 tu. Na kama kamera ndiyo inayompatia riziki, kampuni inaweza kusema ni kifaa cha kazi, isimlipe hata hizo.

> Gunia la kula nyumbani ni chombo. Gunia la kuuza ni biashara.

Kisha kuna madumu. Petroli ya magendo imepita mpaka huu kwa miaka mingi, ikielekea upande ambao bei imepanda. Inalala wapi usiku? Mara nyingi nyumbani. Mwenye nyumba ambaye mpangaji wake ameficha madumu sita chini ya kitanda anaweza kujikuta akibishana na kampuni kuhusu jengo zima, kwa sababu hatari ya nyumba ilibadilika na kampuni haikuambiwa. Hapa kosa la mwenye vyombo linamfikia mwenye ukuta.

Gari lina kadi, nyumba haina

Hadi Aprili 1902 mpaka haukupita hapa. Mkoa wa mashariki wa Uganda, uliofika hadi kando ya Naivasha, ulimegwa mwaka huo na kuunganishwa na nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta na serikali mbili, shangazi huku, mjomba kule. Leo si ajabu familia moja kuwa na nyumba ya kuishi Tororo, ploti ya vyumba vya kupangisha Busia ya Kenya, na duka Sofia, upande wa Uganda.

Kuvuka kumekuwa kwepesi zaidi tangu Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, Februari 2018. Hata gari lina njia yake: Kadi ya Njano ya COMESA huifanya bima iliyokatwa Kenya imlinde aliyegongwa Uganda, na ya Uganda vivyo hivyo Kenya. Dereva wa lori anayevuka mpaka wa Malaba anaijua kadi hiyo kama anavyoijua leseni yake.

Nyumba haina kadi ya namna hiyo. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Bima ya Kenya, Sura ya 487, kinakataza mali iliyo Kenya kukatiwa bima na kampuni isiyosajiliwa Kenya, isipokuwa kwa idhini ya maandishi ya Kamishna wa Bima. Uganda ina sheria yake ya 2017 na mamlaka yake. Mamlaka hizo mbili zina jina moja, IRA, na hiyo peke yake imewachanganya watu wa kutosha.

Mabango nayo huchanganya. Ya Britam, CIC na Old Mutual yanaonekana pande zote mbili, lakini kampuni ya Nairobi na dada yake wa Kampala zina leseni mbili na vitabu viwili vya hesabu. Hati iliyonunuliwa Busia ya Kenya haivuki barabara kwa sababu nembo ni ile ile.

Vyombo hufuata anwani iliyoandikwa. Kochi lililohamishwa kutoka mtaa wa Marachi kwenda Tororo bila kampuni kujulishwa limeiacha bima yake Marachi. Na mtu anayepata mshahara kwa shilingi ya Kenya huku nyumba yake iko Uganda ana hesabu nyingine ya kufanya, maana shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa takriban 28 za Uganda. Ukiambiwa nyumba imekatiwa bima ya milioni 10, uliza ni milioni za wapi.

Ardhi haiungui

Kosa linalowaumiza wenye nyumba kuliko yote ni la tarakimu. Thamani ya bima ya jengo ni gharama ya kulijenga upya: kuondoa kifusi, kumlipa fundi, kununua saruji, nondo, mbao na mabati. Bei ambayo nyumba ingeuzwa haimo, wala bei ya kiwanja. Karibu na kituo cha forodha kiwanja kinaweza kuwa ghali kuliko jengo lililo juu yake, lakini moto ukizimika, kiwanja kipo pale pale.

Anayejumlisha kiwanja analipa ada ya bure, kwa kuwa hatapewa zaidi ya hasara yake. Anayepunguza thamani ili ada iwe ndogo anaumia vibaya zaidi. Chukua nyumba ambayo kuijenga upya ni Sh4 milioni za Kenya, lakini imeandikwa Sh2 milioni. Jikoni linaungua, hasara ni Sh800,000. Mwenye nyumba anasema, "Hasara haijafika hata nusu ya bima yangu." Kampuni inasema aliilinda nusu ya nyumba, basi atalipwa nusu ya hasara: Sh400,000, ukitoa kile kiasi cha mwanzo ambacho hati humtaka abebe mwenyewe.

Sharti hilo la uwiano linawahusu wapangaji pia. Watu hukadiria vyombo vyao kwa kuangalia runinga na kochi, wakasahau nguo, vitabu, mashuka, vyombo vya kupikia na sare za watoto watatu. Ukivijumlisha vyote, utashangaa.

Jengo na vyombo hutofautiana pia katika namna ya kulipwa. Ukuta kwa kawaida hujengwa upya ukawa mpya. Friji ya miaka minane inaweza kulipwa kwa thamani ya friji ya miaka minane, mpaka hati iseme waziwazi kwamba kipya kitachukua nafasi ya cha zamani. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko kalenda na mwavuli anavyogawa wakala.

Maji, umeme na nyumba isiyo na mtu

Radi yenyewe imo karibu katika kila hati, pamoja na moto. Ugomvi huanza pale radi inapopiga nguzo mbali, umeme ukaruka, na friji ikaungua nyumba ya tatu. Je, hiyo ni radi au ni hitilafu ya umeme? Kampuni nyingi huiweka hitilafu ya umeme nje, au huilipia kwa nyongeza maalumu. Katika mji uliowahi kurekodi ngurumo siku 251 kwa mwaka, kununua bima ya vyombo bila kuiulizia nyongeza hiyo ni uzembe.

Maji yana mambo yake. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita kidogo rekodi ya 1964, na watu wa Port Victoria na Majanji wakaona maji yakiingia mahali walipozoea kuanika samaki. Kule Bunyala, mto Nzoia umevunja kingo zake mara nyingi. Mafuriko ni janga ambalo kampuni hulipima kwa kila eneo: mwenye nyumba mlimani hupewa kinga bila shida, wa bondeni huongezewa ada au hukataliwa. Ni ukweli mchungu kwamba anayehitaji kinga zaidi ndiye anayeipata kwa taabu.

Halafu kuna nyumba za Desemba. Huko Funyula, Butula, Nambale na Lumino, watoto waliofanikiwa Nairobi na Kampala wamejenga nyumba nzuri ambazo hukaa zimefungwa karibu mwaka mzima. Hati nyingi husimamisha kinga ya wizi nyumba ikikaa bila mtu zaidi ya muda fulani, mara nyingi siku 30. Jengo linaendelea kulindwa dhidi ya moto; vyombo havilindwi dhidi ya mwizi. Mlinzi anayelala kwenye kibanda cha uani huenda asihesabiwe kuwa ni mkazi, jambo la kukubaliana kwa maandishi.

Tororo yenyewe iliwahi kuona jengo na vyombo vikitengana kwa namna ya kikatili. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Maduka yao ya mjini yalibaki, yakawekwa chini ya bodi ya serikali, na sheria ya 1982 iliwafungulia wenyewe njia ya kuyadai. Wengi walirudishiwa kuta. Vilivyokuwa ndani vilikwisha zamani. Hati ya bima ya leo isingewasaidia, kwa kuwa mali iliyotwaliwa na serikali huwekwa nje, sawa na vita. Kinga ya ghasia za kisiasa nayo hununuliwa peke yake. Wafanyabiashara wengi wa Kenya waligundua hilo baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maduka yakiwa majivu tayari.

Ada, chama na shaka

Wapo wanaosema yote haya ni ushahidi kwamba bima ni mtego, na hoja yao haipuuziki. Nchini Kenya ada zote za bima kwa pamoja hazifiki asilimia 3 ya pato la taifa. Uganda hazijafika hata asilimia 1. Watu wamejenga kinga yao wenyewe: chama, SACCO, mchango wa kanisa, munno mukabi kwa Waganda. Nyumba ikiungua usiku, asubuhi majirani wamefika na mablanketi, na hakuna anayeuliza kama mlango ulivunjwa au ulifunguliwa kwa ufunguo.

Mchango huo unatosha sufuria na godoro. Kwa nyumba ya milioni nne hautoshi, na wanaochanga wanalijua hilo.

Kampuni nazo hulalamika kwamba wateja huficha mambo wakati wa kununua na kukuza hasara wakati wa kudai. Wenye nyumba huona hakuna haja ya kulipa kama benki haijawalazimisha, na benki haiwagusi wengi: mikopo ya nyumba ya benki nchini Kenya ni karibu 30,000 tu kwa nchi nzima. Na bima ya mkopo huo, ikiwepo, hulinda kuta ambazo benki inazishikilia kama rehani. Vyombo si shida ya benki.

Kuhusu bei, vyombo hutozwa zaidi kwa kila shilingi kuliko jengo, mara kadhaa, kwa sababu mwizi habebi ukuta. Juu ya ada, mteja wa Kenya huongeza tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, ya mfuko wa kuwafidia wateja wa kampuni zilizoanguka asilimia 0.25, na stempu ya Sh40. Wa Uganda hukutana na VAT ya asilimia 18. Pande zote mbili kanuni ni moja: ada isipolipwa, hakuna bima, hata kama wakala ni shemeji na ameahidi kungoja mwisho wa mwezi.

Kwa mpangaji wa Busia au Tororo mwenye pesa kidogo, sehemu B yenye orodha ya kweli na nyongeza ya hitilafu ya umeme inafaa kuliko kifurushi kizima chenye thamani ya kubahatisha. Kwa mwenye ploti, jengo ndilo la kwanza, pamoja na kinga ya kodi atakayokosa vyumba vikiwa havikaliki, ambayo hati nyingi huiweka hadi asilimia 10 ya thamani ya jengo. Na mwenye ploti awaambie wapangaji wake, kwa maandishi na mapema, kwamba bima yake haigusi mali yao.

Picha za vyombo na risiti zitumwe kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine; zikibaki kwenye droo zitaungua na droo. Hasara ikitokea, kampuni ijulishwe mara moja, na polisi pia ikiwa ni wizi. Sheria ya Kenya inaitaka kampuni imalize kulipa dai ndani ya siku 90. Anayezungushwa apeleke malalamiko kwa IRA ya nchi ilipo nyumba yenyewe: Nairobi kwa Busia ya Kenya, Kampala kwa Tororo na Busia ya Uganda.